Ng'ombe wa Kampuni

Hakorimana hakuwa na viatu. Hakuwa na mke, wala meno mawili ya mbele, wala ile kadi ambayo serikali iliwapa watu weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Hakuwa na baiskeli. Hakuwa na Kifaransa zaidi ya bonjour na oui, na hiyo oui aliitumia mara chache. Hakuwa na baba. Baba yake alikufa zamani akamwachia shamba la maharagwe lenye mteremko mkali hata mbuzi walilipita kwa ubavu. Hakuwa na subira. Na tangu mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1952, hakuwa na mdogo wake Evode.

Vile vingine vyote mtu anaweza kuishi bila kuwa navyo. Hili la mwisho ndilo lililomfanya alale na hasira na kuamka nayo.

Evode alikufa kwenye treni ya Kampuni. Ilikuwa treni ndogo ya reli nyembamba, iliyotoka mgodini ndani ya pori la Walikale, ikapita karibu na Mpofi, ikapanda hadi Kashebere, mahali ambapo malori yalingoja madini ya bati. Kichwa cha treni hiyo wafanyakazi walikiita Koko, yaani bibi, kwa sababu ya uzee wake. Koko alitengenezwa Ulaya kabla ya vita vya kwanza vya wazungu. Alifanya kazi katika mashamba ya miwa ya watu wengine, nchi ya mbali, mpaka wakamchoka; ndipo Kampuni ikamnunua kama mtu anunuavyo sufuria iliyotoboka. Tangi lake la mvuke lilikuwa na viraka juu ya viraka. Breki za mabehewa yake zilikuwa vipande vya mti vilivyokazwa kwa mkono, na vikilowa viliteleza kama sabuni.

Koko alikuwa na bomba la kumwaga mchanga juu ya reli, ili magurudumu yashike wakati wa mvua. Bomba hilo liliziba, na badala ya kulitengeneza, Kampuni ilipigilia ubao mbele ya Koko, ikaweka watu wawili juu yake, kila mmoja na kikapu cha mchanga uliokaushwa motoni, wamwage kwa mkono. Bomba jipya lingetoka Antwerp, Ulaya. Mtu alitoka kilima cha jirani. Hakorimana alikuwa mmoja wa watu hao wa mchanga. Evode alikuwa mshika breki katika behewa la mwisho, lile la wazi, lililobeba watu.

Yeyote aliyewahi kuona mvua ya Walikale atauliza mchanga mkavu ulipatikana wapi. Jibu ni kwamba haukupatikana. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili bila kupumzika, na vikapu vilikuwa na matope. Msimamizi wa reli alimwendea Direkta, yule mzungu mkubwa wa Kampuni, akamwambia kwamba tuta la udongo kwenye mteremko wa juu ya mto limepasuka, na ufa unaingia mkono mzima. Direkta alikuwa chini ya paa la mabati, anakunywa kahawa. Alisema madini yanangojwa, treni ishuke mgodini ikayachukue. Watu waliotoka sokoni Kashebere walipanda, wengi wao wanawake wenye vikapu vya mihogo, na Koko akashuka.

Kwenye mteremko magurudumu hayakushika. Hakorimana alimwaga matope juu ya reli kwa mikono miwili, kisha kikapu chote. Nyuma, Evode alikuwa amekaza breki mpaka mwisho wa nguvu zake. Koko alipita juu ya tuta, na behewa la kwanza likapita, na tuta likaondoka. Behewa la mwisho lilivutwa pembeni likaenda mtoni. Evode angeweza kuruka. Alikuwa amesimama kwenye kidaraja cha nje, na watu waliomwona wanasema hivyo. Hakuruka. Walimtoa majini mikono yake ikiwa bado imeshika gurudumu la breki, na ilibidi waifungue kidole kwa kidole. Watu saba walikufa. Koko alitoka kwenye reli, akakwama matopeni, na Hakorimana alirushwa kutoka kwenye ubao, akavunjika bega.

Kampuni iliandika kwa serikali kwamba mshika breki alikuwa amelewa, akaachia breki. Iliandika hivyo juu ya Evode, ambaye tangu ubatizo wake hakuonja hata pombe ya ndizi ya arusi ya dada yake, mpaka watu wakamcheka.

*

Hakorimana alikaa katika hospitali ndogo ya Masisi mpaka bega lilipoanza kuungana. Siku aliyoruhusiwa alipanda kilima kwa miguu, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, akafika kwao alasiri. Uani alikuta ng'ombe.

Alikuwa ng'ombe mzuri, mwekundu, mwenye pembe ndefu na kiwele kilichojaa. Mama yake, Nyiramana, alikuwa anamfukuzia nzi kwa tawi.

“Mama, hii ng'ombe iko ya nani?”

“Iko yetu. Kampuni imeleta.”

“Kampuni gani? Ile yenye iliua Evode?”

“Usiseme vile mbele ya ng'ombe.”

“Niseme wapi basi? Pengine ng'ombe iko na masikio kupita Direkta.”

Nyiramana hakucheka. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, aliyelima maisha yake yote, na katika maisha hayo yote hakuwahi kumiliki mnyama mkubwa kuliko mbuzi.

Msomaji asiye wa vilima vyetu lazima aelezwe. Kwetu, kwa watu wa jembe na kwa watu wa ng'ombe, damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, nyumba yenye kosa inaweza kupeleka ng'ombe. Ng'ombe huyo hafukuzwi; kumfukuza ni kutangaza vita. Anakaa uani mpaka siku iliyopangwa. Siku hiyo mjumbe aliyemleta anarudi, maziwa yanakamuliwa mbele yake na mbele ya majirani, mjumbe hayagusi, na mkubwa wa nyumba iliyofiwa anakunywa. Akishakunywa, neno limekwisha. Hatalitaja tena kwa jirani, wala kwa padri, wala kwa serikali, na watoto wake hawatalitaja. Watoto wadogo tu ndio wanaoruhusiwa kunywa maziwa hayo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mtoto hana neno la kumaliza.

Direkta hakujua habari hizi. Aliyezijua ni Makuza, karani wa Kampuni, mtoto wa mzee Semana wa vilima vya juu, watu wa ng'ombe tangu zamani. Makuza ndiye aliyemshauri Direkta. Kwa familia za vilimani alipeleka ng'ombe. Kwa familia za pori, ambako ng'ombe hafungi mdomo wa mtu, alipeleka mbuzi na chumvi, kufuata utaratibu wa huko. Alijua mila ya kila nyumba kama mwizi anavyojua kufuli.

“Nani alipokea kamba?” Hakorimana aliuliza.

“Mimi,” mama yake alisema. “Weye ulikuwa mu hospitali.”

“Na ulijua inataka kusema nini?”

“Nilijua mbele hujazaliwa.” Nyiramana aliweka tawi chini. “Sikiliza, mwana wangu. Baba yako alikufa bila ng'ombe. Mutoto wa Evode analia njaa, maziwa ya mama yake imekauka juu ya machozi. Unataka nimupatie hasira yako anyonye?”

Mlangoni alikuwa amesimama Béata, mjane wa Evode, akimshika mtoto mgongoni. Mtoto aliitwa Epiphanie, na midomo yake ilikuwa na maziwa.

“Mutoto anakunywa, kaka,” Béata alisema. “Mimi sijakunywa. Ninakungoja weye.”

*

Kesho yake Hakorimana alikwenda kwa mwalimu Marcellin. Marcellin alifundisha watoto asubuhi kwenye shule ya misheni, na jioni aliwafundisha watu wazima kusoma. Hakorimana alijifunza kwake miaka mitatu, akiwa na vumbi la mchanga kwenye nyusi. Mwalimu alikuwa mtu mpole, wa kukohoa kabla ya kusema jambo zito. Alikohoa.

“Iko muzungu mumoja kule Costermansville. Wanamuita mukaguzi wa kazi. Yeye njo anaweza kusimamisha ile gari ya moshi.”

“Basi asimamishe.”

“Atasimamisha na nini? Dossier, makaratasi yote ya ile ajali, imefungwa. Kampuni iliandika kama mushika breki alilewa, na kama familia zote zimeridhika.”

“Nani aliridhika?”

“Bale benye walikunywa, na bale benye walikula mbuzi. Familia sita. Inabaki ya kwenu.” Alikohoa tena. “Kama ndugu ya ule mushika breki anaandika asema, mimi sikuridhika, ile dossier inafunguliwa. Mukaguzi hana njia ingine. Lakini kama unakunywa, hautaandika. Nakujua.”

“Hapana, sitaandika,” Hakorimana alikubali. Alikuwa na hasira, lakini alikuwa mtu wa kwao. Maziwa yakishashuka kooni, asingeweza kufungua mdomo huo huo. “Na Koko?”

“Walimutoa mu matope. Tuta wamejaza udongo mupya. Makuza anasema mbele ya Noeli Koko atashuka tena na bantu.”

“Na hii mvua?”

“Na hii mvua.”

“Wametia breki mupya?”

“Apana.”

“Bomba ya mchanga?”

“Wamemupaka rangi,” Marcellin alisema.

Hakorimana alimwangalia. “Rangi gani?”

“Ya majani. Anapendeza.”

Hakorimana alicheka kicheko kibaya, kile kinachotoka puani. Kabla ya Noeli, wanawake wa kilima chote hushuka Mpofi kununua mawese na samaki wa kukauka. Wangekaa kwenye behewa la wazi, nyuma ya Koko wa rangi ya majani, juu ya tuta la udongo mpya, katika mvua. Aliwajua kwa majina. Wengine alikuwa amebatizwa nao siku moja.

“Makuza anakuja siku gani?” mwalimu aliuliza.

“Siku ya Mungu, kiisha misa.”

“Na mama yako anasema nini?”

“Mama anapenda ile ng'ombe,” Hakorimana alisema, na hilo lilimkasirisha kuliko yote, kwa sababu hakuweza kumlaumu.

*

Jumapili majirani walijaa uani. Mvua ilikuwa imeacha kidogo na majani ya migomba yalikuwa bado yanadondosha maji. Vénantie, mwanamke wa watu wa ng'ombe aliyeuza maziwa kilimani, alikaa mbele kabisa juu ya jiwe, kwa kuwa hakuna jambo la ng'ombe lililofanyika bila yeye.

Makuza alifika akisukuma baiskeli. Alikuwa amevaa kofia ya kitambaa na soksi ndefu, na masharubu yake yalikuwa yamechanwa. Alisalimia kila mtu kwa jina, maana alikuwa na adabu, hata adui zake walikubali.

“Mukono inaendelea aje, kaka?”

“Mukono iko,” Hakorimana alisema. “Evode njo haiko.”

“Mungu amupumzishe.”

“Mungu anamujua. Weye uliandika nini juu yake?”

“Kaka, mimi ninaandika kile wananiambia niandike.”

“Uliandika kama alilewa.”

“Ni Direkta alisema.”

“Direkta alimunusa?”

Watu walicheka. Makuza naye alitabasamu, akakaa kwenye kiti alichopewa, akavuta soksi zake juu. “Leo hatukuja kugombana. Leo tunamaliza. Direkta anakusalimia. Anasema, ukitoka hapa na roho safi, hautarudi kwa ile kazi ya ubao. Utakuwa mulinzi wa depot, ile ghala ya madini pa Kashebere. Utakaa pakavu.”

“Na kwa ubao mutaweka nani?”

“Muntu mwingine.” Makuza alishangaa kuulizwa. “Bantu ni wengi.”

Hapo hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja nyuma, ambaye mwanawe alikuwa anatafuta kazi kwa Kampuni, aligeuza uso.

Béata alikamua. Maziwa yalilia ndani ya chombo cha mti, povu likapanda mpaka mdomoni. Nyiramana alikipokea kwa mikono miwili, akakipeleka kwa mwanawe. Macho yake yalisema yote: mtoto, njaa, mkono uliovunjika, maisha yote bila ng'ombe.

Hakorimana alikipokea kwa mkono wake mzima. Maziwa yalikuwa ya moto, yananukia vizuri. Aliyaangalia. Aliona mikono ya Evode juu ya chuma, na watu wakiifungua kidole kwa kidole. Aliona wanawake wa kilima juu ya behewa. Hasira ilipanda, ikakaa pale maziwa yalipotakiwa kupita.

Akanyoosha mkono, akarudisha chombo mbele ya uso wa Makuza.

“Kunywa weye kwanza.”

“Nini?”

“Bantu benye waliua mudogo wangu njo wananiletea kitu ya kunywa. Nitajua aje kama haina sumu? Kunywa, nione.”

Kumwambia mtu mbele ya majirani kwamba kinywaji chake kina sumu ni tusi lisilosahaulika vilimani, na kumwambia mtu wa ng'ombe hivyo juu ya maziwa ni kumpiga kofi yeye na babu yake. Mishipa ya shingo ya Makuza ilivimba.

“Sumu?” alisema. “Mimi? Baba yangu anauza maziwa hapa tangu hamujajenga kanisa. Bazungu wanakunywa kwetu, mapadri wanakunywa kwetu. Hakuna muntu alishasema sumu.”

“Maneno ni mingi. Kunywa.”

Makuza alinyakua chombo, akakiinua, akanywa. Hakuonja, alikunywa hasa, koo likipanda na kushuka, ili kila mtu aone. Alipokishusha, masharubu yake yalikuwa meupe.

“Umeona? Nimekufa? Sasa na weye kunywa.”

Vénantie aliweka kiganja kwenye mdomo wake. Mzee mmoja aliguna. Makuza aliwaangalia, mmoja mmoja, bila kuelewa kwa nini wote hawamwangalii yeye bali wanamwangalia Nyiramana.

Nyiramana alisimama. Alichukua muda, kwa sababu ya magoti yake.

“Makuza, mutoto wa Semana. Njo weye mujumbe?”

“Njo mimi, Mama.”

“Ni weye ulileta kamba ya ng'ombe hapa, ukaweka mu mukono yangu?”

“Njo mimi.”

“Na umekunywa.”

Sasa Makuza alielewa. Miaka mingi alikuwa amekaa katika kambi ya Kampuni, anakula kwa uma na kulala juu ya godoro, na mila ya kwao alikuwa anaitumia kwa ajili ya watu wengine tu. Yeye mwenyewe hakukumbuka kwamba inamhusu. Mjumbe anayekunywa maziwa ya ng'ombe wa damu amemrudisha ng'ombe huyo kwa mwenyewe. Amesema mbele ya watu wote kwamba aliyemtuma haoni kosa lolote, alikuja tu na mnyama wake kutembea.

“Mama,” alisema, na sauti yake ilishuka, “ni juu alinitukana. Alisema sumu.”

“Nilisikia.”

“Na ile ni mambo ya zamani. Siku hizi bantu hawafuate vile.”

“Kama ni mambo ya zamani, ng'ombe ya nini?” Nyiramana aliuliza. “Si weye ulituletea mambo ya zamani? Ulifikiri tunayajua nusu?”

“Mama Nyiramana, fikiri mutoto.”

“Nimefikiri mutoto tangu ile siku ng'ombe ilifika. Mwana wangu anasema na mimi sisikie, juu ya ule mutoto.” Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini sauti haikutikisika. “Unajua nilikuwa tayari? Angekunywa, ningenyamaza mpaka kaburini. Nani alikunywa? Ni weye. Basi ng'ombe imerudi kwenu, na neno letu limebaki kwetu.”

Hakorimana hakuwa amepanga jambo hilo. Watu walimwuliza baadaye kama ulikuwa mtego, naye alisema ilikuwa hasira tu, na ni lazima kumwamini, maana alikuwa mtu asiyeweza kupanga hata matuta ya viazi kwenye mstari.

Nyiramana alikwenda mwenyewe kwenye mti, akafungua kamba. Alimpapasa ng'ombe shingoni mara moja, akaweka kamba katika mkono wa Makuza kama yeye alivyowekewa.

“Direkta atakufukuza kazi,” Makuza alimwambia Hakorimana.

“Nimeshatoka. Ule ubao ukalie weye.”

Karani alishuka kilima baiskeli mkono wa kulia na ng'ombe mkono wa kushoto. Baiskeli ilitaka kwenda mbio na ng'ombe alitaka kula majani. Mara mbili alianguka katika matope, na hakuna aliyekwenda kumsaidia. Vénantie aliinuka kwenye jiwe lake, akamwendea Béata, akamgusa mtoto shavuni.

“Huyu atakunywa kwangu,” alisema. “Asubuhi na magaribi. Na usilete maneno ya kulipa, nitakasirika, na mimi nikikasirika niko mubaya kupita shemeji yako.”

*

Alasiri hiyo hiyo walikaa nyumbani kwa Marcellin: Hakorimana, mama yake na Béata. Mwalimu alikuwa na karatasi nzuri, wino na bahasha moja. Alijitolea kuandika kwa Kifaransa. Aliandika mstari mmoja, akausoma kwa Kiswahili.

“‘Tunathubutu, kwa unyenyekevu mkubwa, kumsumbua Bwana Mkaguzi.’”

“Toa unyenyekevu,” Hakorimana alisema.

“Barua yote kwa bakubwa inaanza vile.”

“Evode alikuwa na unyenyekevu. Aliambiwa shika, akashika. Toa.”

Marcellin aliendelea. “‘Kumetokea bahati mbaya...’”

“Bahati ya nani? Mwalimu, ufa ulikuwa unaingia mukono. Direkta aliambiwa.”

“Kwa Kifaransa hatuandike vile, ndugu yangu. Batasema ni muntu wa fujo.”

“Basi nipatie kalamu. Nitaandika kwa Kiswahili, yeye atafute mwenye kumusomea. Kama bazungu wanaweza kutuagiza kufa kwa Kiswahili, wanaweza kusoma kwa Kiswahili kama tumekufa.”

Aliandika mwenyewe, polepole, kwa maandishi ya mviringo aliyojifunza jioni baada ya kazi. Ilimchukua mpaka taa ilipowashwa. Marcellin alisahihisha makosa mawili ya herufi na hakugusa kitu kingine.

“Mimi Hakorimana, ndugu wa marehemu Evode, nasema kwamba familia yetu haikuridhika. Ng'ombe aliyeletwa na Kampuni amerudi kwa Kampuni, na majirani wote ni mashahidi. Ndugu yangu hakulewa. Alishika breki ya mti iliyolowa, na mimi nilimwaga matope, kwa sababu treni yao imezeeka na hawataki kuitengeneza. Direkta aliambiwa kwamba tuta limepasuka, akasema treni ishuke. Sasa wameipaka rangi, na kabla ya Noeli itabeba watu tena katika mvua hii. Tunataka isimamishwe. Hatuombi zawadi. Ukija, uje siku ya mvua, upande behewa la mwisho, halafu utuambie kama unaridhika.”

“Hii ya mwisho...” Marcellin alianza, akakohoa.

“Iache,” Nyiramana alisema. Hakujua kusoma, lakini alikuwa amesomewa mara mbili, na mara ya pili alikuwa ameitikia kwa kichwa kila neno. “Ni ile njo nzuri kupita yote.”

Hakorimana alitia sahihi. Chini yake Béata aliweka kidole gumba katika wino, akakibandika kwenye karatasi. Nyiramana naye alibandika cha kwake, kwa nguvu sana, mpaka meza ikalia.

Jumatatu asubuhi Hakorimana na Béata walishuka Kashebere. Barua aliibeba wazi, ndani ya shati, kwa sababu alitaka kuisoma tena njiani, na aliisoma mara tatu. Kituoni Koko alikuwa amesimama kwenye reli, wa rangi ya majani kweli, anatoa mvuke pembeni mahali ambapo mvuke haukupaswa kutoka. Kwenye ubao walikuwa wamekaa watu wawili wapya na vikapu vyao. Walimsalimia. Hakorimana alisimama mbele yao, akawaambia mahali ufa ulipokuwa na mahali pa kuruka, kisha akaendelea. Kwenye dirisha la ofisi Makuza alionekana, akamwona, akafunga dirisha.

Lori la posta lilikuwa mbele ya duka, linapakiwa. Dereva wake, Albert, alikuwa anafunga turubai kwa haraka, maana mawingu yalikuwa yameshafika juu ya pori.

“Unaenda mpaka Goma, Papa Albert?”

“Kama barabara inakubali. Unatuma nini?”

“Barua ya Costermansville. Kwa mukaguzi wa kazi.”

Albert aliacha kamba. Alitazama upande wa kituo, kisha akamtazama Hakorimana mkononi, pale kitambaa kilipofungwa. “Ni ya mudogo wako?”

“Ni ya bale hawajapanda bado.”

“Funga basi. Sibebe barua wazi.”

Béata alifungua jani la mgomba alilolishika tangu nyumbani. Ndani yake kulikuwa na uji mzito wa unga wa muhogo, bado wa vuguvugu. Hakorimana alikunja karatasi, akaiingiza katika bahasha, akapaka uji kwenye ukingo kwa kidole, akabonyeza juu ya goti lake kwa kiganja kizima na kungoja ushike. Matone ya kwanza yalianza kuanguka. Aliifuta bahasha kwa shati, akampa Albert, na Albert akaiweka ndani ya mfuko wa turubai wa serikali, akavuta kamba ya mfuko, akapiga fundo, akapanda, akawasha lori.